Picha Alizozijua Babu

Kila alipotoka shule, Nukta alivua viatu mlangoni, akatundika mkoba kwenye msumari, kisha akaenda moja kwa moja chumba cha mbele kumsalimu babu yake.

"Shikamoo, Babu!"

Babu hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidole gumba cha mkono wa kushoto, na hiyo ndiyo ilikuwa marahaba yake. Halafu mkono ule ule ulishuka taratibu juu ya kipanya cha kompyuta, kilichowekwa kwenye kibao kando ya kiti chake, ukasogea kidogo, ukabonyeza. Mashine ililia ting! na picha ya kikombe ikajaa kioo kizima.

"Chai inakuja, mzee wangu," alisema Nukta huku akikimbilia jikoni. "Sukari kidogo tu lakini, maana wewe na sukari mmeshaachana."

Babu alicheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki na nguvu.

Nukta lilikuwa jina la utani. Babu alikuwa mpiga chapa, na siku mjukuu wake alipozaliwa, kadogo, keusi, kamejikunja, alimtazama akasema, "Huyu si mtoto jamani, hii ni nukta imedondoka kwenye karatasi." Basi jina likashika. Hata walimu walilitumia.

Lakini sasa Babu hakuweza kulitamka. Mwaka uliotangulia alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia wa mwili ulilegea, sauti ikapotea, na herufi nazo zikamkimbia. Mtu aliyepanga maneno ya watu maisha yake yote, kadi za harusi, lebo za chupa, matangazo ya mikutano, alikuwa akishika gazeti na kulitazama kama anayetazama mchanga.

Kilichomwokoa ni ile kompyuta kuukuu. Babu aliinunua Mama alipokuwa msichana wa shule. Zamani ilikuwa nyeupe, sasa ilikuwa na rangi ya meno ya mzee. Feni yake ilivuma kama nyigu aliyenaswa ndani ya kopo, na kila ukiipa diski, ile ya mraba ya plastiki, iliimeza kwa sauti ya krrr kama inayotafuna mifupa. Watu walimshauri Babu aitupe. Aliwajibu, "Mtanitupa mimi kwanza."

Alipougua, Mama alijaribu kumpa simu yenye picha za kugusa. Kidole cha Babu kilitetemeka, kikafungua hiki na kile, mpaka akaivurumisha simu kitandani kwa hasira. Ila kipanya mkono wake ulikikumbuka. Ndipo jirani yao, fundi wa redio na televisheni ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Waya, alipokaa na Mama wakatengeneza programu ndogo. Ilikuwa ni ubao wa picha, zile ziitwazo aikoni. Kikombe maana yake kiu. Sahani maana yake njaa. Kulikuwa na kitanda, na kidonge, na uso wenye machozi kwa ajili ya maumivu, na mlango kwa ajili ya choo, na kichwa kilichofungwa kitambaa, ambacho ni Mama. Babu akibonyeza moja, mashine inalia na picha inakuwa kubwa, hata aliye jikoni anaiona. Maneno hayakuwepo, kwa kuwa Babu asingeweza kuyasoma.

Hakujifunza kwa siku moja. Ilikuwa kazi ya miezi, kurudia na kurudia. Siku ya kwanza alipobonyeza kichwa chenye kitambaa, na Mama akaja mbio kutoka uani mikono ikiwa na povu la sabuni, wote wawili walilia.

Ubao wote ule ulikaa kwenye diski moja iliyobandikwa karatasi nyekundu.

"Hii ndiyo sauti ya babu yako," Mama alimwambia Nukta. "Usiitoe, usiichezee. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Mama."

Nukta hakuwa mgeni wa mashine ile. Kabla ya ugonjwa, Babu alimpakata na kumfundisha kuyapa mafaili sura. Kila faili lilikuwa na picha yake ndogo, na picha hiyo ilikuwa ni visanduku tu, vyeusi na vyeupe, kama daftari la hesabu. Ukiifungua kwenye programu ya kuchorea, unafuta kisanduku hapa, unajaza kingine pale, na picha inageuka mbele ya macho yako. Nukta alikuwa na diski yake mwenyewe. Faili la kazi za shule alilipa sura ya paka anayepiga miayo. Faili la mashairi alilipa ngoma. Babu alimsifu sana kwa yule paka.

Jumamosi moja asubuhi, Mama alikwenda kazini, kwenye kiwanda cha kufulia mashuka ya mahoteli. Babu alikunywa uji, akajilaza kitandani, akaanza kukoroma. Nukta alifagia, akaosha vyombo, kisha akaja kukaa mbele ya kompyuta. Ubao wa Babu ulikuwa wazi.

"Hivi kweli hiki ni kikombe?" alijisemea. "Mbona kama ndoo iliyogongwa na gari?"

Kweli, Fundi Waya alikuwa hodari wa nyaya, lakini kuchora kulimpiga chenga. Kitanda chake kilikuwa kama meza iliyolala. Uso wenye machozi ulitisha. Nukta hakupenda kuutazama. Na ule mlango wa choo ulimtia aibu kila wageni walipokuja. Wazo likamjia, na lilipomjia lilimfurahisha mno. Angemchorea Babu picha nzuri, za kupendeza. Babu angeamka akute ubao mpya. Angecheka kwa ule upande wake mmoja, na Mama angesema, ama kweli binti yangu ana mkono!

Maneno ya Mama yalimpitia akilini. Aliyasukuma kando. "Kwani naichezea? Naitengeneza," alisema.

Akaanza. Kikombe akakigeuza tunda lenye mrija. Kitanda akakifanya mwezi mwembamba na nyota. Uso wenye machozi akaufuta kabisa, akachora jua likichungulia nyuma ya wingu. Mlango wa choo ukawa ua lenye majani mawili. Kichwa cha Mama akakivisha taji la malkia. Alichora huku ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo, wala hakusikia saa zikienda. Alipomaliza, mashine iliuliza kama aandike juu ya faili la zamani. Ndiyo au hapana? Nukta alibonyeza ndiyo. Krrr, diski ikazunguka, ikanyamaza. Kazi imekwisha.

Kitanda kikalia chumba cha pili. Babu aliamka. Nukta alimpa fimbo, akamshika kwapani, wakaja pole pole mpaka kwenye kiti.

"Babu, nina zawadi yako," alisema, akasimama pembeni, mikono nyuma, akisubiri kicheko.

Babu alitazama kioo. Mkono wa kushoto ulikwenda kwenye kipanya, kisha ukasita. Macho yake yalipita juu ya picha moja, ya pili, yakarudi. Akabonyeza ua. Ting! Ua likajaa kioo. Babu akatikisa kichwa. Akabonyeza mwezi. Akabonyeza jua. Akabonyeza ua tena, kwa nguvu, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba yake mwenyewe na ndani hawamjui. Kisha akaacha, akauinua mkono wake mbele ya uso, akautazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Babu?" Nukta aliita. Tabasamu lilikuwa limemkauka midomoni.

Koo la Babu lilitoa sauti ambayo Nukta hakuwa ameisikia tangu siku zile mbaya za mwanzo wa ugonjwa. Suruali yake ikalowa. Maji yakachuruzika hadi chini ya kiti. Mzee yule nadhifu, aliyepiga pasi hata leso zake, alifumba macho, na machozi yakamtoka bila kelele.

Hapo Nukta alielewa. Babu alikuwa anataka choo! Alikuwa anautafuta mlango, na mlango haukuwepo. Na Babu hakujua kwamba umefutwa. Alidhani ni kichwa chake kilichofutika.

Wakati huo huo lango la nje likalia. Mama anarudi.

Nukta hakufikiri. Aliinama nyuma ya meza, akachomoa waya wa umeme, na kioo kikawa cheusi.

"Kuna nini humu?" Mama aliuliza kutoka mlangoni. Halafu akaona. "Baba! Jamani, Baba, imekuwaje?" Akatupa mkoba, akapiga magoti. "Nukta, washa mashine, nimuulize anaumwa wapi."

"Haiwaki, Mama," Nukta alisema. Sauti ilikuwa nyembamba kama uzi. "Imezimika yenyewe."

"Kabla haijazimika alikuwa anasema nini?"

Hapo ndipo angeweza kusema. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ncha ya ulimi. Lakini alimwona Mama alivyokunja uso, akayameza, na badala yake yakatoka mengine.

"Alikuwa anabonyeza hovyo hovyo, Mama. Hakuzijua picha."

Ilikuwa kweli, na ilikuwa nusu tu ya kweli. Mama alibadilika rangi. Daktari alikuwa amemwonya siku walipotoka hospitali: siku mzee akishindwa kutambua vitu alivyovitambua jana, msingoje hata dakika, huenda ni kiharusi cha pili.

"Mwite yule jirani dereva, aje na gari," Mama alisema. "Kimbia, Nukta. Kimbia!"

Ndani ya gari, wakielekea kituo cha afya, Babu alikaa katikati yao. Walikuwa wamembadilisha nguo haraka haraka na vifungo vya shati vilikuwa vimepishana. Aliushika mkono wa Nukta, akaubana. Nukta alitazama chini, lakini hatimaye ikambidi amtazame usoni. Macho ya Babu yalikuwa yamemtoka, yanarukaruka kutoka kwa duka hadi mti hadi mtu anayepita, kama anayehakikisha: hiki bado nakijua? Na kile? Na huyu aliyenishika mkono?

Nukta hakuwahi kumwona mtu mzima akiogopa namna hiyo. Nitasema tukifika, aliwaza. Walipofika, akawaza, nitasema daktari akija.

Daktari alikuja, mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Alimpima Babu shinikizo la damu, akammulika machoni, akamwinua mkono, akauacha. Kisha akamgeukia Nukta.

"Wewe ndiye uliyekuwa naye nyumbani? Hebu nieleze vizuri, binti. Uliona nini?"

Nukta alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Kichwani maneno yalijaa tele, yalisukumana, lakini ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake alijua ilivyo kuwa na la kusema na mdomo ukatae.

"Mtoto ameshtuka," Mama alisema, akimpapasa mgongo. "Aliniambia mzee alishindwa kuzitambua picha zake. Zote."

Daktari aliitikia kwa kichwa, na uso wake haukuwa na furaha. "Basi siwezi kumwacha hapa. Nitaita gari la wagonjwa limpeleke hospitali kubwa, apigwe picha ya ubongo. Wakiona inafaa watampa dawa kali ya kuyeyusha damu iliyoganda. Nakuambia ukweli, mama, safari ni ndefu kwa mtu wa umri wake, na dawa ile ina hatari zake. Lakini tukikaa tu, hatari ni kubwa zaidi."

"Fanyeni mnaloona," Mama alisema, kisha akageukia ukuta asionekane.

Muuguzi akaja akisukuma kitoroli. Magurudumu yalilia kwii, kwii, kwenye sakafu. Juu yake palikuwa na sindano, pamba, na chupa ya maji ya kutundika. Akaupangusa mkono wa Babu, ule wa kushoto, mkono pekee aliokuwa nao. Babu aliuvuta. Muuguzi akaushika tena kwa upole. Babu akatazama huku na huku akitafuta kipanya, akitafuta namna ya kusema hapana, na hapakuwa na kipanya.

"Ngoja!"

Wote waligeuka. Nukta mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

"Ngojeni, tafadhali. Si yeye. Mama, si yeye. Ni mimi."

"Wewe nini?" Mama aliuliza.

"Nilizibadilisha picha. Nilifungua diski yenye karatasi nyekundu, nikachora zingine juu yake. Mlango niliufuta, nikaweka ua. Babu alikuwa anautafuta mlango, Mama. Alikuwa anataka choo tu. Halafu... halafu nikachomoa waya usione."

Mama alimtazama kama anayetafuta maana ya lugha ngeni. Mkono wake ulipanda, na Nukta akafumba macho akisubiri kofi. Kofi halikuja. Alipofumbua, mkono wa Mama ulikuwa umeziba mdomo wake mwenyewe.

"Mama, nisamehe, nilitaka tu kumpendezesha—"

"Si mimi wa kuambiwa kwanza," Mama alisema kwa sauti ya chini. "Yule pale ndiye anayedhani amepoteza akili. Nenda."

Hatua kutoka mlangoni hadi kitandani zilikuwa chache, lakini Nukta aliziona ndefu. Alipiga magoti, uso wake ukawa sawa na wa Babu.

"Babu, nisikilize. Kichwa chako ni kizima. Hujasahau kitu. Zile picha hukuzijua kwa sababu hazikuwa zako, nilizichora mimi ulipokuwa umelala. Zako nilizifuta." Akapangusa pua kwa kiganja. "Niliona unavyoogopa, na bado nikanyamaza."

Babu alimtazama kwa muda mrefu.

Daktari alisogeza kiti. Hakugomba. Alitoa kalamu, akageuza karatasi, akachora kikombe. "Mzee, hiki ni cha nini?"

Babu hakutaka kutazama. Ilionekana wazi alikuwa akiogopa kujaribu, asije akashindwa tena. Mama alimwekea mkono begani. Taratibu, Babu alishusha macho kwenye karatasi. Akainua kidole, akagusa mdomo wake.

Daktari akachora mlango. Kidole cha Babu kilielekea ukumbini, kwenye choo. Akachora kichwa chenye kitambaa. Babu hakungoja hata amalize. Alimwonyesha Mama, na Mama akaangua kilio na kicheko kwa pamoja.

"Ondoa sindano," Daktari alimwambia muuguzi. "Na mwambie dereva wa gari la wagonjwa apumzike." Kisha akamgeukia Mama. "Nitakaa naye hadi jioni nimwangalie, kwa usalama. Lakini mzee huyu anajua kila kitu. Kilichomshinda ni kujua vitu ambavyo hakuonyeshwa."

Nukta alitaka kuushika mkono wa Babu. Babu aliuondoa, akauweka juu ya tumbo lake, akageuza uso upande wa dirisha. Ndipo Nukta alipojua kwamba kofi lingeuma kidogo kuliko hilo.

Kesho yake Fundi Waya alikuja na bisibisi mfukoni kama kawaida. Aliweka diski kwenye mashine, akatazama, akashusha pumzi.

"Zimeandikwa juu yake. Za zamani zimekwenda na maji. Nilikuwa na nakala, lakini msimu ule wa mvua diski zangu ziliota ukungu." Akamtazama Nukta. "Ile ndoo yangu iliyogongwa na gari ulisema? Mama yako kaniambia yote uliyomweleza."

Nukta alitamani ardhi ipasuke.

"Basi mchoraji," Fundi Waya alisema, akimsogezea kiti, "kazi ni yako. Zirudishe kama zilivyokuwa. Safari hii mwenye ubao akae hapa hapa. Na ukimaliza unatengeneza nakala, halafu nakala ya nakala, moja nibaki nayo mimi kwenye kopo lisiloingia maji."

Walimleta Babu. Alikaa, lakini hakugusa kipanya, wala hakumtazama mjukuu wake. Nukta alifungua programu ya kuchorea. Jana yake alichora bila wasiwasi wowote. Leo kila kisanduku kilimtisha. Je, kikombe kilikuwa na mkono upande gani? Je, aliwahi hata kukitazama vizuri? Akaweka mkono wa kikombe kushoto.

"Mh-mh."

Nukta alisimamisha kidole. Sauti ilitoka kwa Babu. Alikuwa bado ametazama dirishani, lakini jicho moja lilikuwa likichungulia kioo kwa kuibia. Nukta aliuhamishia mkono wa kikombe kulia. Akasubiri. Akapunguza mdomo wa kikombe, akakosea, kikawa kama kofia.

"Mh-mh!" Babu hakuweza kuvumilia zaidi. Mtu aliyetumia maisha yake kukagua kazi za chapa hawezi kukaa kimya mbele ya kazi mbovu. Alisogea mbele, akagusa kioo kwa kidole. Hapa. Na hapa. Futa hii.

"Hapa, Babu? Hivi?"

Kidole gumba kikapanda.

Walifanya kazi mchana kutwa. Kitanda kilirudi, kibaya vile vile kama meza iliyolala, maana hicho ndicho Babu alichokijua. Uso wenye machozi ulirudi. Kila picha ilipokamilika, Nukta aliijaribu ubaoni, na Babu aliitazama kwa mashaka kabla ya kuibonyeza, kama mtu anayekanyaga daraja lililowahi kuvunjika. Mlango ulipolia ting! na kujaa kioo, Babu alivuta pumzi ndefu, akaegemea kiti. Halafu akaubonyeza tena, na tena.

"Unataka choo, Babu?"

Babu akatikisa kichwa. Hakutaka choo. Alitaka tu kujua kwamba mlango upo.

Ikabaki picha ya Mama. Nukta alipeleka kipanya kufuta taji, na Babu akamshika mkono.

"Nisifute?"

Babu alimnyooshea kidole Mama, aliyekuwa akikunja nguo mlangoni, kisha akachora duara hewani juu ya kichwa chake mwenyewe, akakonyeza jicho.

"Eti taji libaki, Mama," Nukta alisema, akiogopa hata kutabasamu.

"Ahaa, sasa mmeniona," Mama alisema. "Mwambieni malkia basi nani atamsaidia kukunja haya mashuka."

Babu alicheka. Nukta alikuwa wa kwanza kusikia, akainamisha kichwa kwenye goti la Babu, na mkono wa kushoto, mzito na wa joto, ukashuka juu ya nywele zake. Safari hii haukuondoka.

Baadaye Nukta alitoka uani kumsaidia Mama kuanua nguo. Walikunja shuka pamoja, kila mmoja pembe zake. Nukta alijua mazungumzo yanakuja.

"Kuchora vizuri si kosa," Mama alianza. "Una mkono mzuri, babu yako kakupa. Kosa la kwanza ni kugusa kitu ambacho mwenzako anakiegemea, bila kumuuliza. Wewe uliona picha mbaya. Yeye aliona njia ya kwenda chooni. Kabla hujakitengeneza cha mtu, muulize kinamfaa vipi."

"Ndiyo, Mama."

"Lakini kosa hilo tungelimaliza kwa kufua suruali moja, tukacheka. Lililonitia homa ni la pili. Uliniambia hakuzijua picha, ukanyamaza. Kwa neno hilo moja la nusu, nusura tumweke mzee mzima kwenye gari la wagonjwa, apigwe dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Daktari hawezi kutibu kwa ukweli aliofichwa. Umenielewa?"

Nukta aliitikia. Machozi yalidondokea kwenye shuka safi.

"Niliogopa, Mama. Niliogopa sana."

"Najua. Nami niliogopa. Babu aliogopa kutupita sote."

"Na nikiogopa tena siku nyingine? Kama ulimi ukikataa?"

Mama alichukua pembe za shuka kutoka mikononi mwake, akalikunja mara ya mwisho, akaliweka kwenye beseni.

"Utaogopa tena, mwanangu, hakuna asiyeogopa. Usingoje hofu iishe ndipo useme, maana haiishi. Sema huku unatetemeka. Sisi tutakusikia hivyo hivyo."